Shajara ya mradi: maji ya moto na joto la vyumba katika nyumba ya shamba iliyoongezwa, Njombe

Machi: ukaguzi

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na paa la bati, nje kidogo ya mji wa Njombe, mita 1,900 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya zamani ina vyumba vitatu, sebule yenye meko, bafu moja na jiko. Baadaye ukaongezwa upande wa mashariki wenye vyumba vitatu vya kulala na mabafu mawili. Maji ya upande huo yalichukuliwa kwenye mkia wa bomba lililokuwapo, na bafu la mwisho likaungwa kwenye mkia wa mkia.

Wenye nyumba wana malalamiko mawili. Bafu la mwisho halipati maji ya moto, na ikifika Juni vyumba vya upande mpya havilaliki kwa baridi. Ombi lao lilikuwa boila kubwa zaidi.

Kabla ya kukubali ombi hilo tulipima. Boila iliyopo ni pipa la lita 200 lililojengewa matofali nyuma ya jiko, kuni chini, ile ambayo kambi za watalii huiita Tanganyika boiler. Maji ndani ya pipa: nyuzi 68. Koki iliyo ubavuni mwa pipa: lita 9 kwa dakika. Shawa ya bafu la mwisho: lita 1.6 kwa dakika, na joto lake halikupanda kupita nyuzi 34 hata baada ya kuachwa wazi muda mrefu. Kwa hiyo maji ya moto yapo ya kutosha, ila hayafiki. Boila kubwa ingechoma kuni nyingi zaidi na bafu la mwisho lingebaki vilevile.

Bomba lote la moto ni chuma cha mabati cha nusu inchi, mita 38 kutoka pipa hadi shawa ya mwisho, halikuvikwa chochote. Kipande kilichokatwa chini ya dirisha la korido kilikuwa na kutu iliyoota vinundu pande zote. Tundu lililobaki ni milimita 9 mpaka 10 kati ya 16 za awali. Maji ya vijito vya huku ni laini, hayana chokaa ya kutandaza ngozi ndani ya bomba, na joto huharakisha ulaji wa zinki. Maji yakipita nyuzi 60 zinki yenyewe yaweza kuacha kabisa kukinga chuma. Mahali pamoja fundi aliyetangulia aliziba uvujaji kwa kipande cha shaba, na chuma kinachofuata baada ya shaba hiyo kimetobolewa vishimo ndani ya mita moja tu. Maji yakitoka kwenye mabati kwenda kwenye shaba hakuna shida kubwa. Yakitoka kwenye shaba kwenda kwenye mabati hubeba chembe za shaba zinazotua juu ya zinki na kuanza kuila.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho. Maji ya baridi ya mabafu ya upande mpya yanatoka kwenye pampu ya presha, ya moto yanatoka kwenye tanki la darini kwa uzito wake tu, mita 2.5 juu ya shawa, yaani robo ya bar. Kwenye mikisa ya shawa, yaani koki inayochanganya moto na baridi, baridi inashinda na kurudi nyuma ndani ya bomba la moto. Ndiyo maana shawa ya mwisho huanza na uvuguvugu kisha inapoa, kinyume na kawaida.

Machi, mwishoni: mpango

Tulikokotoa bomba moja kwa vipenyo tofauti, urefu wa kihesabu mita 40 pamoja na elbo na tii, na kimo cha mita 2.5. PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa) ya milimita 20 inapitisha karibu lita 6 kwa dakika, ya 25 karibu 12, ya 32 karibu 22. Bomba la sasa lenye kutu linatoka kwenye hesabu na lita 1.6 au 1.7, sawa na kipimo cha ndoo. Hesabu ikilingana na ndoo namna hii, basi sababu ya maji kuwa machache imeshapatikana na hakuna haja ya kutafuta nyingine.

Lakini bomba nene lina bei yake. PPR ya 32 yenye kuta za PN20 (daraja la presha la bar 20) ina tundu la milimita 21.2, nayo inabeba lita 0.35 katika kila mita. Mita 38 ni zaidi ya lita 13 za maji yaliyopoa ambayo lazima yatoke kwanza kila asubuhi. Kwa hiyo boila inahama. Itakaa kwenye kona ambapo nyumba ya zamani inakutana na upande mpya, palipokuwa stoo ya kuni. Kutoka hapo hadi shawa ya mwisho ni mita 22, na maji yaliyolala bombani ni chini ya lita 8.

Wenye nyumba waliuliza juu ya bomba la kurudisha maji ili yazunguke muda wote na koki zitoe moto papo hapo. Tumelikataa. Bomba la kuzungusha likiachwa likizunguka huwa kama rejeta ndefu iliyofichwa ukutani. Linapoza tanki usiku kucha na linadai pampu yake. Kwa mabafu matatu, kusubiri dakika moja kunavumilika.

Kilichobaki kwenye mpango: tanki moja la baridi lililoinuliwa, linalolisha moto na baridi kwa pamoja ili presha zilingane kwenye mikisa, boila ya kuni yenye koti la maji kuzunguka moto, tanki la moto la lita 300 lenye koili ndani (bomba la kujikunja linalopasha maji ya tanki bila kuchanganyika nayo), rejeta tatu za ukutani (mabamba ya chuma yanayopitisha maji ya moto ili kupasha chumba) kwenye vyumba vya upande mpya, na dari kuvikwa kabla ya rejeta kuagizwa.

Aprili: mnara na tanki

Simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa chuma wa mita 6. Likijaa ni tani mbili, na udongo wa hapa ukilowa mvua za Aprili ni laini, hivyo kila mguu umepewa msingi wa zege wa sentimita 70 kwa 70, kina mita moja. Shawa ziko mita 2 juu ya sakafu. Hata tanki likikaribia kwisha kinabaki kimo cha mita 4. Pampu sasa ina kazi moja tu: kujaza tanki, kwa swichi ya boya. Umeme ukikatika nyumba ina maji ya siku nzima.

Bomba la kutoka tankini ni la milimita 40, limekatwa sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki ili tope lisiingie. Chini kabisa kuna koki ya kusafishia. Mgawanyo uko kwenye mguu wa mnara: tawi moja linalisha tanki la moto peke yake, jingine baridi ya nyumba. Tawi la tanki la moto lisiwe na koki ya bafu wala ya bustani njiani, maana kila mtu akiifungua presha ya moto itashuka na anayeoga atapata baridi ghafla.

Aprili hadi Mei: mabomba ya ndani

Tumetumia PPR kwa kila kitu isipokuwa kati ya boila na tanki la moto, ambapo ni shaba ya milimita 28. PPR haifai karibu na boila ya kuni. Moto wa kuni hauzimwi kwa swichi, na maji yanaweza kufika nyuzi 90 na zaidi.

Kwa maji ya moto tumenunua PPR yenye tabaka la nyuzi za kioo katikati. PPR ya kawaida inarefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 10 zikipanda kutoka nyuzi 15 hadi 60 zinaongezeka karibu sentimita 7, na bomba lililobanwa ncha mbili litapinda mithili ya upinde darini, kisha pale lilipopinda hewa itakwama. Yenye nyuzi za kioo inarefuka kama theluthi moja ya hapo. Hata hiyo haikubanwa kila mahali. Klipu moja inashika kweli katikati ya mstari, nyingine zinaacha bomba liteleze, na kwenye kila kona tumeacha mkono wa sentimita 40 kabla ya klipu inayofuata. Darini klipu ziko kila sentimita 80.

Kuunganisha. Mashine iwe nyuzi 260, na isubiriwe ifike. Taa ikizima mara ya kwanza sahani bado haijatulia. Bomba la 20 linakaa motoni sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, la 40 sekunde 12. Asubuhi ikiwa chini ya nyuzi 5, muda huo unaongezwa nusu. Alama ya kina inawekwa kwa penseli kabla: milimita 14 kwa bomba la 20, 18 kwa la 32. Ukisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inaingia ndani na kufanya pete. Tulipasua viungo viwili vya majaribio vya fundi mpya kwa msumeno, na kimoja kilikuwa na pete iliyokula nusu ya tundu la bomba la 20. Kwa nje kilikuwa kizuri kuliko chote. Tangu hapo kila fundi anapasua kiungo chake cha kwanza cha asubuhi kabla hajaruhusiwa kugusa ukuta. Kiungo hakizungushwi wakati wa kuingiza, kinasukumwa moja kwa moja, na hakiguswi kwa dakika 2 kwa bomba la 20 na la 25, dakika 4 kwa la 32. Bomba lenye tone la maji haliungi. Mvuke unatoboa kijinjia ambacho kitavuja baada ya plasta kukauka.

Kukata ni kwa mkasi wa PPR. Msumeno wa chuma unaacha nyuzi za plastiki zinazoishia kwenye vichujio vya koki.

Mstari mkuu wa moto ni 32 hadi bafu la kwanza la upande mpya, 25 kutoka hapo kwenda la mwisho, na 20 kwa kila kifaa, isizidi mita 3. Nyumba ya zamani ina tawi lake lenyewe la 25 linaloanzia kwenye tanki. Matawi hayo mawili hayakutani popote tena.

Majaribio ya presha yalifanywa ukuta ukiwa wazi: bar 10 kwa pampu ya mkono, tanki zote zikiwa zimetengwa. Mshale hushuka mwanzoni hata kama hakuna uvujaji, kwa sababu PPR inatanuka. Inapigwa tena baada ya dakika 10, na tena baada ya 20. Kisha ndani ya nusu saa isishuke zaidi ya bar 0.6, na saa mbili zinazofuata isishuke zaidi ya bar 0.2. Tawi la zamani lilishindwa. Aliyekosa hakuwa kiungo cha PPR bali soketi ya shaba yenye uzi chini ya sinki la jiko. Tepu ilikuwa imezungushwa kinyume na uelekeo wa kukaza, ikajikunja na kutoka.

Mei: dari kwanza

Chumba kimoja cha upande mpya ni mita 4 kwa 4.5, kimo 2.7, kuta mbili za nje, dirisha la mita 3 za mraba. Usiku wa nyuzi 6 nje, kukiweka nyuzi 18 kunadai karibu wati 1,650. Katika hizo zaidi ya wati 600 zinapita kwenye dari peke yake, maana juu ya ubao wa dari hapakuwa na kitu ila bati. Sufu ya madini ya milimita 100 inazishusha hadi karibu 80. Chumba sasa kinadai wati 1,100, na hakuna rejeta yenye bei nafuu kuliko hiyo sufu.

Bati linatiririsha umande wa usiku, kwa hiyo sufu haikugusa bati. Pengo la hewa limeachwa, na mianya kwenye ncha za kenchi haikuzibwa. Taa za kuzama darini zimejengewa maboksi. Sufu ikiwekwa juu yake moja kwa moja zinapata moto kupita kiasi.

Rejeta huuzwa kwa wati zilizopimwa maji yakiwa wastani wa nyuzi 70 na chumba nyuzi 20. Sisi tunapeleka maji ya 60 yanayorudi na 50, chumba kikiwa 18, na hapo rejeta inatoa kama asilimia 68 ya namba iliyo kwenye katalogi. Chumba cha wati 1,100 kinahitaji rejeta ya wati 1,600 na ushee. Tumechukua za bamba mbili, milimita 600 kwa 1,000, karibu wati 1,700 kwa katalogi. Zimekaa chini ya madirisha, ambako hewa baridi inaporomoka.

Juni: boila

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo maelezo ni marefu.

Boila inatoa karibu kilowati 12 kwenye maji. Mzunguko wake, yaani koti la boila, koili ya tanki na rejeta, ni maji yaleyale yasiyobadilika, na hayachanganyiki na ya kuoga. Yakichanganyika, kila siku rejeta zinapata hewa mpya na kuoza kwa ndani mpaka tope jeusi. Mzunguko unalishwa na kitanki cha lita 50 darini chenye koki ya boya, na una bomba la pumzi la 28, la kutolea mvuke na maji yanayotanuka, linalopanda moja kwa moja kutoka kwenye boila hadi juu ya kitanki hicho, bila koki, bila kushuka popote. Ncha yake iko milimita 280 juu ya maji ya kitanki: 150 za msingi na 40 kwa kila mita ya kimo, nacho hapa ni mita 3.2. Mafundi wengi hulifupisha ili lisitoboe paa, na matokeo yake bomba linamwaga maji kitankini muda wote na kuvuta hewa kwenye mzunguko. Kitanki chenyewe tumechukua cha plastiki inayostahimili maji yanayochemka. Plastiki ya kawaida italainika siku boila itakapochemka.

Na itachemka siku moja. Kwa mwinuko huu maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Kipima joto kikisoma 90 watu hudhani bado kuna nafasi, kumbe imebaki kidogo sana. Kidhibiti cha hewa cha boila kimewekwa 75.

Swali la pili ni umeme kukatika moto ukiwa mkali. Rejeta zinategemea pampu, koili haitegemei. Tanki la moto limekaa kwenye jukwaa la mita 1.2, juu ya boila, na mabomba ya 28 yanapanda mfululizo, ili maji ya moto yapande na ya baridi yashuke yenyewe. Pia kuna rejeta ya korido, ya nne, iliyo kwenye mzunguko huohuo wa kupanda wenyewe na isiyo na koki kabisa. Mtu yeyote asishawishike kuiwekea koki siku atakapoona korido ina joto kupita kiasi.

Upande wa maji ya kuoga hauna bomba la pumzi. Tanki la mnara liko juu sana, bomba hilo lingelazimika kupita mita 7.6. Badala yake kuna valvu ya usalama inayofunguka kwa bar 7 au kwa nyuzi 90 hadi 95, na bomba lake linashuka hadi nje, mahali panapoonekana. Lita 300 zikipanda kutoka nyuzi 15 hadi 65 zinaongezeka karibu lita 6. Hizo zinarudi kwenye mnara kupitia bomba la kulishia, na ndiyo sababu bomba hilo halina valvu isiyorudisha. Koki yake imetolewa mkono.

Maji yanayorudi kwenye boila yasiwe chini ya nyuzi 55. Yakirudi baridi, moshi unaganda kuwa lami ndani ya koti na kwenye dohani. Valvu ya kuchanganya ya nyuzi 55 imekaa kwenye bomba la kurudi la rejeta. Dohani ni milimita 150, mita 5.5, na imepita kilele cha paa. Hewa ya huku ni nyepesi, kama asilimia 80 ya hewa ya pwani, na dohani fupi inayovuta vizuri Dar es Salaam huku hurudisha moshi chumbani. Kuni ni miwati iliyokaushwa chini ya paa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Msindano mbichi hauruhusiwi humu.

Hita ya umeme ya kilowati 3 imefungwa kwenye tanki kama akiba, na breka yake ya ampia 20. Jioni umeme wa hapa unashuka hadi volti 190, na kwa volti hizo hita ya kilowati 3 inatoa 2 tu.

Paneli za sola zimeahirishwa. Usiku mkavu wa Juni paneli bapa huweza kuganda hata hewa ikiwa nyuzi 3 juu ya sifuri, kwa sababu inatupa joto lake angani, na ukungu wa asubuhi unakula saa za jua. Zikija, ziwe za mirija yenye ombwe, zielekee kaskazini. Koili ya pili kwa ajili yake tayari imo tankini.

Juni, mwishoni: maji taka

Mabafu ya upande mpya yalikuwa yanamwaga kwenye bomba la inchi 4 lililolazwa karibu tambarare. Limefukuliwa na kulazwa upya, sentimita 2.5 kwa kila mita, na chemba kwenye kila kona.

Julai: kuwasha na kupima

Mzunguko wa rejeta ulijazwa polepole kutoka chini ili hewa itangulie juu. Rejeta ya chumba cha kati haikupata joto. Bomba lake linapanda juu ya mlango na kushuka, na pale juu hewa ilikwama. Kuongeza kasi ya pampu hakukusaidia. Imewekwa koki ya kutolea hewa kwenye sehemu hiyo ya juu, hewa ikatoka kwa mlio, joto likafika. Kisha koki za chini za rejeta zilibanwa: iliyo karibu na boila imefunguliwa robo mzunguko, ya kati nusu, ya mwisho yote. Kabla ya hapo ya karibu ilikuwa inameza maji yote.

Vipimo vya mwisho. Shawa ya mbali: lita 8.5 kwa dakika, nyuzi 41, moto unafika baada ya dakika moja hivi. Shawa mbili za upande mpya zikifunguliwa pamoja: lita 8 kila moja. Kuni za kupasha tanki kutoka nyuzi 15 hadi 60: kilo 6 hadi 7. Pipa la zamani lilikuwa likila kilo 15 na zaidi kwa lita 200 tu. Chumba cha mwisho usiku wa nyuzi 5: 18.

Yaliyobaki: dawa ya kuzuia kutu kwenye mzunguko wa rejeta, itiwe baada ya maji ya kwanza kumwagwa pamoja na takataka za ufundi. Fimbo ya magnesiamu ya tanki la moto, inayoliwa badala ya tanki lenyewe, ikaguliwe kila mwaka, na ibadilishwe ikiwa imebaki nusu. Dohani ipigwe brashi kila baada ya miezi mitatu ya kuwasha. Valvu ya usalama inyanyuliwe kwa mkono mara mbili kwa mwaka, na ikiendelea kudondosha baada ya hapo ibadilishwe, isizibwe. Pipa la zamani limekatwa kwenye mabomba yote mawili; matofali yake yatajengea kibanda cha kuni.